Maumbile Yaliyoumbwa: Udongo, Mwanafunzi na Umbo la Kike

Kiswahili kina neno moja, maumbile, ambalo hubeba kwa pamoja milima, mito na misitu ambayo binadamu hakuitengeneza, na vilevile mwili wa mtu kama alivyozaliwa nao, hususan zile sehemu zinazomtofautisha mwanamume na mwanamke ambazo adabu huzuia zisitajwe waziwazi. Neno hilo limetokana na kitenzi kuumba, ambacho ni kazi ya Mwenyezi Mungu na pia ni kazi ya mikono inayolipa donge la udongo umbo lake, kwa hiyo anayetaja maumbile kwa Kiswahili hataji kitu kilichokuwapo tu tangu azali bali hutaja, ajue asijue, kitu kilichofanyiwa kazi. Toleo hili linahusu uke na maumbile katika sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, upigaji picha na jamaa zake, kama zinavyofanywa na wanafunzi. Uke, kwa maana inayokusudiwa hapa, si viungo vya mwili peke yake. Ni jumla ya sifa, mienendo na matarajio ambayo jamii huyahesabu kuwa ya kike na kumtaka binti ayavae kama anavyovaa kanga. Hoja ya utangulizi huu ni kwamba mwanafunzi anayeishika mada hii hufika mbali pale anapoacha kuuliza mwanamke anafanana na nini katika maumbile, akaanza kuuliza mwanamke huyo anayafanyia nini maumbile, kwa mikono ipi, na alijifunza kwa nani.

Swali la kufanana ni la zamani, na halijawahi kuwa swali lisilo na madhara. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia wa Marekani Sherry Ortner alichapisha makala iliyodai kwamba katika jamii zote mwanamke huhesabiwa kuwa karibu na maumbile, kwa sababu ya kuzaa na kunyonyesha, ilhali mwanamume huhesabiwa kuwa upande wa utamaduni, yaani ule uwezo wa binadamu wa kuyatawala na kuyageuza maumbile. Na kwa kuwa utamaduni hujiweka juu ya maumbile, mwanamke naye huwekwa chini pamoja nayo. Alichokieleza Ortner kilikuwa mtego, si sifa. Miaka 8 baadaye Carol MacCormack na Marilyn Strathern walihariri kitabu kilichoonyesha kwamba hata mgawanyo wenyewe wa maumbile na utamaduni si wa walimwengu wote, kwani zipo jamii, kama ile ya Hagen katika Papua New Guinea aliyoichunguza Strathern, ambazo hazikati dunia vipande viwili kwa namna hiyo. Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno lake la maumbile tayari lina mkono wa muumbaji ndani yake, ana sababu ya kulipokea sahihisho hilo bila mshangao mkubwa.

Pamoja na hayo, atakayepita katika maonyesho ya mwisho wa mwaka ya idara nyingi za sanaa atakutana na mwanamke ambaye nywele zake zimekuwa matawi, tumbo lake la ujauzito limekuwa dunia, na machozi yake yamekuwa mto. Picha hizo huwa zimechorwa kwa ustadi na kwa moyo safi, na mara nyingi hupata alama nzuri, lakini hazisemi lolote ambalo tangazo la sabuni halijalisema. Udhaifu wake ni kwamba mti uliomo humo si mti wa aina yoyote inayojulikana, mto hauna jina, na mwanamke mwenyewe si mtu.

Tofauti ya kazi ya namna hiyo na kazi yenye uzito inaonekana wazi katika miaka ambayo Ana Mendieta alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1948, na mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Marekani pamoja na dada yake katika mpango uliowatoa kisiwani watoto zaidi ya 14,000 bila wazazi wao, akalelewa katika makao ya watoto na katika nyumba za watu wa Iowa, jimbo la mashamba ya mahindi na theluji. Alisomea uchoraji hadi shahada ya uzamili mwaka 1972, kisha akauacha, kwa kuwa aliona michoro yake haina uhai aliokuwa akiutafuta, akajiunga na programu ya Intamidia iliyoanzishwa na mwalimu Hans Breder mwaka 1968. Jina hilo lilimaanisha mafunzo yanayovunja kuta kati ya uchoraji, uchongaji, maigizo na filamu, hivi kwamba mwili wa mwanafunzi mwenyewe uliweza kuwa turubai. Kifo chake huko New York mwaka 1985, akiwa na miaka 36, kimeandikwa mno kiasi cha kuufunika ujana wake wa masomo, na ni huo ujana unaohitajika hapa.

Inafaa kuzingatia kwamba Mendieta hakuanzia kwenye udongo. Mwaka 1972 alihamisha ndevu za mwanafunzi mwenzake wa kiume, akazigandisha usoni pake, na picha zilizobaki zinaonyesha jinsi uke unavyoweza kuyumba kwa gundi kidogo tu. Mwaka uliofuata, baada ya mwanafunzi wa kike kubakwa na kuuawa katika chuo hichohicho, aliwaalika wenzake katika chumba alichopanga, nao wakamkuta ameinama juu ya meza, amefungwa na ametapakaa damu, akiwaonyesha kile ambacho magazeti yalikuwa yakikitaja kwa maneno ya kupooza. Kwa hiyo alipokwenda Oaxaca, Mexico, mwaka huohuo wa 1973, akalala uchi ndani ya kaburi la kale la Wazapoteki huko Yágul huku maua meupe yakionekana kama yanachipuka mwilini mwake, hakuwa msichana aliyekimbilia mashambani kutafuta utulivu. Alikuwa mtu aliyekwisha kujua kwamba mwili wa kike ni mahali ambapo jambo baya linaweza kutendeka, naye akauweka mwili huo mahali ambapo kifo na mmea hukutana.

Kazi hiyo ya Yágul ndiyo iliyofungua mfululizo ulioendelea hadi mwaka 1980 kwa jina la Silueta, neno la Kihispania lenye maana ya umbo la kivuli, yaani mpaka wa mwili usio na sura ndani yake. Mwanzoni alitumia mwili wake mwenyewe, kama mwaka 1976 alipojipaka matope na majani mwili mzima na kusimama akiwa ameuegemea mti mkubwa kando ya kijito cha Old Man's Creek huko Iowa, mikono juu, hadi jicho likapata taabu kutenga ngozi na gome. Baadaye mwili uliondoka ukabaki ukubwa wake tu, mara nyingine kwa msaada wa kigezo kilichokatwa kwa kipimo chake, ukachimbwa katika mchanga, ukarundikwa kwa theluji, ukapangwa kwa mawe, ukaunguzwa kwa baruti. Katika ufuo wa La Ventosa, Mexico, alichimba umbo hilo karibu na maji na kulijaza rangi nyekundu, kisha akapiga picha moja baada ya nyingine wakati mawimbi yakiingia, yakiichota rangi, yakirudi, mpaka pakabaki shimo lisiloeleweka. Kinachopaswa kutazamwa kwa makini ni jinsi maumbo haya yalivyo makavu kwa maelezo: mengi hayana matiti, hayana nyonga zilizotiwa chumvi, hayana uso, na mtu asiyeambiwa angeweza kudhani ni ya mvulana. Kinachoyafanya kuwa ya kike si alama ya uke bali ni kipimo, kwa sababu yalipimwa kwa mwili wa mwanamke mmoja mahususi ambaye urefu wake ulikuwa takriban mita moja na nusu.

Kipimo hicho kinapata maana yake kamili kikiwekwa kando ya yale ambayo wanaume wa zama hizo waliyaita sanaa ya ardhi, yaani sanaa inayotumia nchi yenyewe, mawe na udongo wake, mahali pa turubai. Robert Smithson alimwaga zaidi ya tani 6,000 za mawe na udongo katika Ziwa la Chumvi la Utah mwaka 1970 kutengeneza njia iliyojikunja kama konokono yenye urefu wa karibu mita 460, na Michael Heizer akaondoa tani 240,000 za miamba huko Nevada ili kupata mifereji miwili inayotazamana. Si haki kuwaita wote wawili waharibifu, na kazi ya Smithson ina uzuri ambao hata mwenye kinyongo hukubali, lakini walihitaji magari ya kuchimbia, mafuta na wafadhili, wakati mwanafunzi wa Iowa alihitaji mikono, kamera na saa chache, na kazi yake ilipokwisha kijito kiliendelea kupita kama kawaida.

Wapo wahakiki wa kike walioikosoa kazi hii ya Mendieta kwa madai kwamba inarudisha dhana ya kiini kimoja, yaani imani kwamba wanawake wote wana asili moja isiyobadilika, na kwamba kumlaza mwanamke ardhini ni kuuingia kwa hiari ule mtego alioueleza Ortner. Hoja hiyo ina nguvu, na baadhi ya maelezo ya Mendieta mwenyewe kuhusu ardhi kama mama na tumbo la uzazi huipa mashiko. Hata hivyo haiafikiani na mwenendo wake. Mwaka 1980, pamoja na Zarina na Kazuko Miyamoto, aliandaa katika jumba la A.I.R. huko New York maonyesho ya wanawake wa Ulimwengu wa Tatu wanaoishi Marekani, na katika katalogi yake akaandika kwamba ufeministi wa nchi hiyo, yaani harakati za kudai haki za wanawake, ulikuwa kimsingi mali ya wanawake weupe wa tabaka la kati. Mtu anayeamini katika mwanamke mmoja wa milele haandiki hivyo. Ardhi aliyoilalia haikuwa ardhi kwa jumla. Ilikuwa Iowa, ambako hakuzaliwa, na Mexico, ambako palimkumbusha alikozaliwa.

Mfano wa pili hauhitaji kukaliwa kwa muda mrefu namna hiyo, ingawa uko karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuwa mwanafunzi wa sanaa huko Farnham, Uingereza, alipokwenda mwaka 1974 katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, akajifunza kwa Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari ambaye picha yake ilikuja kuwekwa kwenye noti ya naira 20. Ufinyanzi wa Kigwari hautumii gurudumu. Chungu hutulia chini na mfinyanzi ndiye anayekizunguka kinyumenyume, akiuvuta udongo kwenda juu kwa vidole. Vyungu alivyokuja kuvifanya Odundo hujengwa kwa mikono, hupakwa tope laini la udongo uleule na kusuguliwa hadi ving'ae bila kupakwa kioo, kisha moto wenye hewa ya kutosha hukipa chungu wekundu wa machungwa, na moto ulionyimwa hewa hukipa weusi. Wahakiki wa Ulaya wameandika sana kwamba vyungu hivyo vinafanana na miili ya wanawake. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuambiwa, kwa kuwa mtungi wake ulikuwa na mdomo, shingo na tumbo kabla ya mhakiki yeyote kuzaliwa. Alichoongeza mwanafunzi yule ni ujuzi wa mkono uliotoka kwa mwanamke mwingine, ujuzi wa aina ileile ambao wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wameurithishana hata vyungu vyao vikawa vinapelekwa kwa mitumbwi kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, Matema. Huo nao ni uke, na hauna matawi kichwani.

Kwa mwalimu anayesahihisha kazi za wanafunzi, mifano hii miwili inabadilisha maswali ya chumba cha mtihani. Badala ya kuuliza picha inaashiria nini, itafaa kuuliza udongo ulichimbwa wapi, ni wa rangi gani ukikauka, mvua iliufanya nini, kipimo ni cha mwili wa nani, na ni nani aliyekuwapo kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuushika. Makala za toleo hili zimepangwa kwa kufuata maswali hayo, si kwa kufuata nchi wala miaka, na baadhi yake zinapingana na utangulizi huu, jambo ambalo mhariri hakuliondoa.

Mendieta alirudi Kuba kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mwaka uliofuata aliingia katika mapango ya Jaruco, nje ya Havana, ambako mwamba ni wa chokaa na si mgumu, akachonga humo maumbo ya kike ambayo kwa mistari yake ni ndugu wa yale ya matope ya Iowa. Sehemu kubwa ya maumbo ya Silueta haikuwa na jina. Ilirekodiwa tu kuwa bila jina, pamoja na mahali na mwaka. Yale ya Jaruco aliyapa majina kutoka katika masimulizi ya wenyeji wa kale wa kisiwa hicho, moja baada ya jingine: Guabancex, ambaye ni upepo, Itiba Cahubaba, ambaye ni mama wa kale, Guanaroca, ambaye ni mwanamke wa kwanza.