Oktoba imeisha, na sidiria bado ina soksi

Unazijua zile fulana za pinki. Oktoba ikifika, kuanzia Nyali hadi Mama Ngina zinaonekana kila wikendi: matembezi ya asubuhi, spika nyuma ya pikapu, maji ya bure, selfi kibao, na kufikia saa tano jua limechoma, kila mtu ametawanyika kutafuta viazi karai. Labda nawe ulikuwepo. Hatuna ubaya na matembezi hayo. Kama msichana mmoja ameenda kupimwa kwa sababu ya bango alilobebewa njiani, hilo si jambo dogo.

Lakini hebu tuseme ni shangazi yako. Titi moja limeondolewa lote, ametoka wodini, amerudi nyumbani Mkomani au Ziwa la Ng'ombe. Wageni wamekuja na matunda, wametoa pole zao, wameenda. Miezi miwili baadaye kuna harusi. Anavaa dera, anajitazama kwenye kioo, upande mmoja umejaa na wa pili umelala. Anafungua kabati, anatoa soksi, anaikunja na kuitia kwenye sidiria. Akiinua mkono, soksi inapanda hadi karibu na shingo. Anajaribu kipande cha leso kuukuu. Kinateremka. Mwishowe anakuambia kichwa kinamuuma, nendeni tu, mtanisimulia.

Nawe unaenda, unacheza, unarudi na sahani ya biriani iliyofunikwa. Wala hujui kwamba kilichomzuia shangazi si kichwa.

Soksi, matambara, pamba ya dukani. Ndivyo wanawake wengi wanavyojiziba baada ya upasuaji huu, na hawasemi, kwa sababu utaanzaje kulisema? Wanaume wako sebuleni, watoto wako mlangoni. Kwa takwimu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka wa 2020 pekee zaidi ya wanawake 6,700 nchini Kenya walipatikana na saratani ya matiti. Ndiyo saratani inayopata watu wengi zaidi nchini, na wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, wakati daktari hana njia nyingi zaidi ya kuliondoa titi lote. Piga hesabu ya soksi wewe mwenyewe.

Dawa ya soksi ipo madukani: titi bandia la silikoni. Ni zuri, lina uzito wake, linakaa ndani ya sidiria maalumu. Bei yake ndiyo shida, maana kwa Kenya linaweza kupita Sh20,000, na hapo familia imeshauza kiwanja au imeshafanya harambee mbili za kulipia dawa. Halafu kuna jambo ambalo watu wa nchi za baridi hawalifikirii sana: joto. Hebu fikiria kubeba kipande cha silikoni kifuani, juu ya kovu, mwezi wa Februari, ndani ya matatu iliyokwama Kongowea. Jasho lake si la kawaida.

Sasa tuje kwako wewe unayefuma.

Ndiyo, wewe. Usijifanye hatukuoni. Zile top za krosheti unazouza Instagram, zile bikini na kofia za kuvaa ufuoni, vile vibegi vya simu. Miaka mitano iliyopita krosheti ilikuwa kazi ya nyanya zetu, ya vitambaa vya kufunikia sofa ambavyo ukiegemea vinakuja na wewe. Leo ni biashara ya vijana, na wengine mnaifanya vizuri ajabu. Mikono hiyohiyo inaweza kufuma titi.

Usicheke. Mwaka wa 2011 kule Bellingham, jimbo la Washington nchini Marekani, mwanamke aitwaye Barbara Demorest alikatwa titi akaambiwa na daktari kwamba hawezi kuvaa titi bandia la kawaida kwa wiki kadhaa, hadi kidonda kipone. Daktari huyo akamwonyesha lililofumwa kwa uzi. Rafiki yake akamfumia, akalivaa, na kutoka hapo akaanzisha Knitted Knockers, shirika la watu wanaojitolea kufuma na kuwapa wanawake bure. Maelekezo yao yako mtandaoni bila malipo, ya sindano mbili na ya krosheti pia. Yeyote anaweza kuyachukua.

Nasi hatuhitaji kwenda hadi Marekani kutafuta mfano. Pale Thika yuko Mary Mwangi, fundi wa nguo aliyejifunza kufuma akiwa mgonjwa kitandani, kisha naye akapata saratani ya matiti. Amefuma mamia ya matiti ya uzi, na amefundisha wanawake wenzake waliopitia upasuaji huohuo. Vyombo vya habari vya kimataifa vilipomtembelea mwaka wa 2024, moja lilikuwa likiuzwa kama Sh1,500. Linganisha na ile bei ya silikoni. Rwanda nako wanawake walionusurika na saratani wamekuwa wakifuma.

Kwa hivyo Thika wanafuma na Kigali wanafuma. Swali letu ni kuhusu huku ng'ambo ya daraja. Huku kwetu ambako kofia hushonwa kwa mkono kishimo baada ya kishimo, kazi ya wiki na wiki, na mtu akikosea anafumua bila kulalamika. Pale Bombolulu tangu 1969 watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza mapambo na nguo kwa mikono yao, na watalii wananunua. Ufundi si kitu tulichokosa. Tulichokosa ni mtu wa kusema Jumamosi hii, saa nane, njooni na sindano zenu.

Na kazi yenyewe si ya kutisha. Uzi uwe wa pamba laini. Ile sufu inayowasha iachie masweta ya Limuru, maana kovu ni ngozi changa na linakereka upesi. Akriliki ngumu ya bei ya chini nayo usiiguse, hata kama ndiyo imejaa madukani. Unafuma duara linaloinuka kama kofia ndogo, unaweka mgongo bapa wenye mwanya unaofungwa kwa kamba, kisha unajaza zile nyuzi za polista za mito. Ule mwanya ni muhimu sana. Mwenyewe ataweza kupunguza au kuongeza ujazo hadi pande mbili zilingane, na siku ya kufua atautoa ujazo wote na kuanika ganda lake uani pamoja na nguo nyingine. Kwa kuwa ni jepesi, wengine huongeza kitu kidogo chenye uzito ndani ili lisipande. Mshono mgumu au fundo usiliache upande unaogusa mwili. Ukifuma top na fundo likabaki, mteja atalalamika WhatsApp. Hapa fundo litasugua kovu kutwa nzima.

Kama hujui kufuma, kuna mto. Huu unauweza hata kama sindano unaishika kama unashika nyoka. Ni mto mdogo wenye umbo la moyo, unaokaa chini ya kwapa. Upasuaji huu mara nyingi hugusa pia tezi za kwapani, na mkono ukilala juu ya kidonda unauma vibaya. Mto unauinua kidogo. Na wakati wa kurudi nyumbani unawekwa kati ya kifua na mkanda wa gari. Mgonjwa anayetoka Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, hadi Kisauni, anaruka matuta mangapi? Yahesabu siku moja ukiwa umekaa kiti cha nyuma. Vitenge na leso vilivyobaki kwa fundi wako vinatosha kushona mito kumi.

Kuna pia vifuko vya mrija. Baada ya upasuaji mgonjwa hutoka na mrija unaochuruza majimaji hadi kwenye kichupa, na anakaa nao siku kadhaa, pengine wiki mbili. Wengi hukibana kile kichupa kwa pini kwenye nguo au hukishika mkononi kama wanaoomba radhi. Kifuko cha kitambaa chenye kamba ya kuvaa begani kinashonwa kwa dakika ishirini.

Wavulana, bado mko? Tunajua mmeanza kuteleza kuelekea kurasa za michezo. Cherehani nyingi za Kongowea zinaendeshwa na wanaume, na hakuna anayewacheka. Na saratani hii huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache sana, kama mmoja katika kila wagonjwa mia. Anayeendesha boda anaweza kupeleka mzigo. Anayejua kuongea anaweza kwenda kwa mwenye duka la uzi kuomba punguzo, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kufuma, tunakuhakikishia.

Sasa maneno mawili makali, na usituchukie.

La kwanza ni kamera. Tumezoea wema wenye picha: unga unakabidhiwa, kila mtu anageuka kuangalia simu. Hapa hapana. Mwanamke anayepokea titi la uzi hafai kupigwa picha akilipokea, hata kama uso umefichwa, hata kama amesema sawa. Amesema sawa kwa sababu mko sita na yeye ni mmoja. Piga picha sindano, piga picha mito imepangwa, piga picha vidole vyako. Mpe muuguzi wa kitengo cha saratani akampe faraghani, au umpe mkononi wewe mwenyewe na mzungumze mambo mengine. Ukianza kikundi bila kuzungumza kwanza na wauguzi na vikundi vya walionusurika, utashona vitu ambavyo havitakiwi, vya saizi isiyo yake, na utaviona vimerundikwa kwenye kona ya ofisi ya mtu. Ukubwa wa vikombe vya sidiria unatofautiana. Uliza kabla ya kufuma ishirini vya saizi yako.

Na kuna wanawake ambao hawataki kabisa. Wamezoea kifua kilivyo, hawaoni haja ya kukijaza kwa ajili ya macho yetu. Ni haki yao kamili. Usimbembeleze mtu avae titi ili wewe ujisikie umesaidia.

La pili ni kwa wakubwa, na vijana mlishike. Titi la uzi halitibu kitu. Si mashine ya mammogramu, si dawa ya kemo, si daktari wa upasuaji anayeitwa kwa wakati. Tusije tukakabidhi mito kwenye hafla huku mheshimiwa akipiga makofi, kisha mwaka mzima upite bila kuulizwa kwa nini mama wa Kadzandani alizungushwa kutoka zahanati hadi zahanati na uvimbe wake ukikua. Ukienda kupeleka mito, peleka na swali. Foleni ya vipimo ina urefu gani? Mashine inafanya kazi leo? Majibu yake ndiyo utakayoweka mtandaoni, na hapo piga picha unavyotaka. Kazi ya mikono isiwe pazia la kufunika kazi ambayo serikali inalipwa kuifanya.

Lakini pia tusijifiche nyuma ya serikali. Wapo watakaosoma hapa na kusema, mambo haya ni ya kaunti, sisi tutafanya nini. Kaunti haitamfumia shangazi yako titi. Hata ingekuwa na pesa zote za bandari, bajeti haina mstari wa kumwezesha mtu kupiga kigelegele harusini bila kushikilia kifua. Hilo limebaki kwetu, na gharama yake ni uzi, jioni mbili au tatu, na mazungumzo kidogo mkiwa mmekaa kibarazani.

Anza na wanne. Mmoja awe anajua kufuma kweli, si kwa kuangalia video tu. Mmoja awe na jamaa au jirani aliyepitia upasuaji huu na aliye tayari kuwaambia ukweli: hili linawasha, hili ni zito, hili mmeniletea kana kwamba mimi ni kisura wa Miss Tourism. Mtafumua, mtarudia. La kwanza huwa baya kila mara, na mwenyewe atacheka hadi machozi. Hicho kicheko peke yake kina thamani yake, kwa sababu pengine hajamcheka mtu tangu siku ile ya majibu.

Na rangi. Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha matiti ya uzi ya pinki na ya rangi ya ngozi ya Wazungu. Tafuta kahawia. Kahawia ya chai ya rangi, ya tamarindi, ya kahawa chungu, ziko nyingi ukizunguka Biashara Street na subira. Ila kabla hujanunua, muulize. Huenda mwenyewe anataka la manjano, lifanane na dera lake la harusi ya Disemba.