Miaka Saba Si Amri ya Kumhamisha Mtoto

"Akitimiza miaka saba nakuja kumchukua mwanangu." Kauli hii hutolewa talaka inapotoka, wazee wakaafiki, na kuanzia siku hiyo mama huhesabu miaka kama anayesubiri hukumu.

Jirani yangu alifikiwa na siku yake. Baba mkubwa na shangazi wa mtoto walibisha hodi alfajiri, mama akiwa amepiga magoti anamfunga mwanawe kamba za viatu vya shule. Madaftari ya darasa la kwanza yakamwagwa kitandani, begi likajazwa nguo. Safari ilikuwa ya kijijini kwa bibi, maana baba mwenyewe amepanga chumba kimoja mjini na hurudi usiku. Mama alipolia aliambiwa: ndivyo sheria inavyotaka.

Si kweli. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kina dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakisemi popote kwamba akivuka saba ni wa baba. Tena kinaitaka mahakama izingatie ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Ustawi wake ndio unaotangulia. Matakwa ya wazazi, mila zao na maoni ya mtoto anayeweza kujieleza hufuata.

Nitaambiwa mahari ilitolewa, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo. Mahari ilimposa mama. Haikumnunua mtoto, wala yeye si kabati la kugawana. Wahenga walishasema: kuzaa si kazi, kazi kulea. Basi mlezi na atafutwe kwa malezi yake.

Simtetei mama peke yake. Baba mlezi anaweza kukabidhiwa hata mtoto wa miaka minne, ushahidi ukimuunga mkono. Na mama anayemficha mtoto kwa sababu matunzo hayajatumwa anamwadhibu asiye na kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, ilimradi masomo yasivurugike. Inampa pia haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajatengana. Kwa hiyo baba asiyeishi na mtoto bado anadaiwa ada.

Wazee wangu, mkiitwa kwenye kikao kama hicho, acheni kuhesabu miaka. Ulizeni nani humwamsha, nani hukaa naye akiugua, shule yake iko wapi. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani, msijichukulie mtoto alfajiri.

Yule wa jirani aliondoka kiatu kimoja kimefungwa, kingine kamba zikiburuzika. Watu wazima walikuwa chumbani, na hakuna aliyemuuliza anataka kukaa na nani.