TUSIFUNGIWE ZIWA, TUFUNDISHWE MAJI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Namshukuru Mungu kwamba nipo wa kuyaandika haya. Tangu muhula wa pili, kila nikipita mbele ya maktaba nasikia watu wakinong'ona: "Ndiye yule aliyekizamisha chama." Wana maana kwamba baada ya mimi kupinduka katika Ziwa Ellis, safari zote za majini zilipigwa marufuku, na kayaki yetu ikafungiwa ghalani pamoja na majembe. Leo nataka kusema yangu. Sikuja kujitetea. Kosa lilikuwa langu na nitalieleza. Lakini marufuku nayo ni kosa, na hilo pia nitalieleza.

Kwa wale ambao hawajafika huko, Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya lango la Chogoria, karibu mita 3,450 kutoka usawa wa bahari. Si ziwa kubwa. Mtu mwenye miguu mizima hulizunguka asubuhi moja. Hakuna kijiji wala duka. Kuna nyasi ngumu, baridi inayouma masikio, na vilele vya mlima vikichungulia alfajiri kabla ya mawingu kuvifunika.

Na kayaki ni nini? Ni mtumbwi mwembamba. Unakaa ndani miguu ukiwa umeinyosha mbele, ukipiga kasia moja lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni kwa Wainuti wa nchi za barafu kule kaskazini, walioiunda kwa ngozi za sili ili wakawinde. Yetu ni ya mpira, ya watu wawili, na hujazwa hewa kwa pampu. Chama cha Wapanda Milima kiliinunua ikiwa imeshatumika, kwa pesa za maandazi tuliyouza mwaka mzima. Kwa hivyo msione vyaelea, vimeundwa.

Siku ile tulikuwa tumepata ruhusa ya hifadhi, na mwalimu wetu alitoa amri tatu. Kwanza, kila mtu afunge kamba zote za jaketi la kujiokolea. Pili, mtu asiende mbali na ukingo. Tatu, ikifika saa nne kila mtu awe nje ya maji, kwa sababu mlimani asubuhi hutulia, lakini jua likipanda mawingu na upepo navyo hupanda. Amri tatu tu, jamani! Hata mtoto wa chekechea angezishika.

Zamu yangu na mwenzangu ilikuwa ya mwisho. Maji yalikuwa kama kioo. Nikamwambia mwenzangu, "Hebu twende katikati kidogo, tupigwe picha nzuri." Akasema, "Mwalimu amekataa." Nikamjibu eti mwalimu hatatuona. Kisha nikazilegeza kamba mbili za jaketi langu ili picha isinionyeshe kama gunia la viazi. Mwenzangu hakuzilegeza zake. Tulipokuwa tukigeuka, upepo ukatujia ubavuni bila hodi. Kayaki ikalala upande, na sote tukawa ndani ya maji.

Nilikuwa nikidhani anayeanguka majini hupiga kelele. Kumbe siyo. Baridi ile ilinibana kifua, nikawa navuta pumzi ovyo ovyo bila kutaka, na pumzi ya pili ilikuwa maji. Jaketi langu lilipanda likafika masikioni, nami nikateleza chini yake. Mwenzangu alielea kidevu kikiwa juu, akashika kayaki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika ukosi. Mwalimu na wenzetu walitutupia kamba wakatuvuta. Hata dakika kumi hazikuisha, lakini vidole vyangu vilikuwa tayari vimekataa kukunjika.

Sasa ndugu msomaji, angalia jambo hili. Maji yalikuwa yale yale, upepo ule ule, kayaki ile ile. Mmoja alielea, mwingine akazama. Tofauti yetu ilikuwa kamba mbili. Je, lililokuwa na makosa ni ziwa?

Niliporudi nilisoma na kuuliza. Waokoaji hufundisha kwamba katika maji ya baridi kali una kama dakika moja ya kutuliza pumzi, kama dakika kumi za mikono na miguu kufanya kazi, na kama saa moja kabla ya kuzirai kwa baridi. Mtu asiyejua hili anaweza kufa katika dakika ile ya kwanza, pengine hatua chache tu kutoka ukingoni. Isitoshe, pale juu msukumo wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani, kwa hivyo unachoka upesi na kuhema sana. Mwalimu wa Fizikia naye alinieleza kwa nini kayaki yetu ilikuwa laini kuliko tulivyoijaza: tuliijaza juani, tukaiweka kwenye maji baridi, hewa ikipoa, msukumo wake hupungua. Ilitakiwa iguswe na kuongezwa hewa baada ya kukaa majini kidogo. Hakuna aliyeigusa.

Wanaounga mkono marufuku wana hoja tatu, nami naziheshimu. Wanasema mchezo huu ni wa hatari. Ni kweli. Lakini mwaka huu wachezaji wetu wawili wa raga wamevunjika mifupa. Je, uwanja umefungwa? Wanasema ni anasa ya watalii. Waulizeni Wapokomo wa Mto Tana na wavuvi wa Ziwa Viktoria kama mtumbwi ni anasa! Ni sisi watu wa mlimani tu tunaojua kupanda na hatujui kuelea. Wanasema pia unatupotezea muda wa masomo. Mimi nimejifunza shinikizo la hewa ndani ya Ziwa Ellis kwa namna ambayo sitaisahau hata nikizeeka.

Lakini hoja yangu kubwa si hizo. Likizo moja ya Agosti, mtoto wa jirani yetu, wa darasa la sita, alizama katika timbo lililoachwa wazi na wachimba mawe. Lilikuwa limejaa maji ya mvua. Alikuwa na wenzake wanne, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea wala kumtupia fimbo. Walikimbia kuita watu wazima. Tulipofika, kofia yake ndiyo iliyokuwa ikielea. Mtoto yule alikuwa amekatazwa timbo na mama yake, amekatazwa na mwalimu, amekatazwa na kila mtu. Kukatazwa alikatazwa. Kufundishwa hakufundishwa.

Ndiyo maana nasema marufuku haituokoi. Yanatuondoa ziwani ambako kuna mwalimu, kamba na jaketi, yanatuacha na matimbo na mabwawa ya mashamba ambako hakuna lolote. Maji yatatukuta tu, tupende tusipende.

Kwa hivyo, Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, naomba haya. Mwanafunzi asiingie kwenye kayaki kabla hajajifunza kuelea na kutulia majini. Chuo kilicho jirani nasi kina kidimbwi, na tukiomba Jumamosi mbili kwa mwezi huenda tukakubaliwa. Kamba za kila jaketi zikaguliwe na watu wawili, mmoja wao mwalimu. Saa nne iwe saa nne, hata kama kuna aliyekosa zamu. Ukingoni pawe na kamba ya kutupa, nguo kavu na chai ya moto. Na atakayevunja amri moja arudi kambini siku hiyo hiyo.

Najua pia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu limevunjika bila kuonekana. Wenzangu arobaini wamepoteza safari kwa sababu ya picha moja, ambayo hata haikupigwa. Ikiwa ni lazima mtu aadhibiwe, naomba niadhibiwe mimi peke yangu: nisiingie kwenye kayaki hadi nimalize Kidato cha Nne. Nitapanda mlima pamoja nao, nitabeba pampu, na nitasimama ukingoni nikivuta kamba za kila jaketi, moja baada ya nyingine, hata wanaosema zinabana.

Lakini ile kayaki itolewe ghalani. Panya wameshaanza kuizoea.