Duqqa ya Kimisri kwa Mkate wa Futari

Wamisri huchovya mkate katika mafuta ya zeituni, kisha katika duqqa, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya kutwanga. Kaangeni bila mafuta, kila kitu peke yake: karanga, giligilani, bizari nyembamba, na mwishoni ufuta, kwani huungua upesi. Acheni vipoe kabisa. Vikitwangwa vingali moto hutoa mafuta na kugandamana. Tieni chumvi, mtwange vibaki chengachenga. Lozi ni nzuri, ila bei yake twaijua sote. Mkiipeleka msikitini, tangazeni kilichomo: wako ambao karanga au ufuta huwabana pumzi, na aliyefunga kutwa hana desturi ya kuuliza. Karatasi ndogo kando ya sinia yatosha.