Karatasi ya majaribio haizimi moto

Katika mitaa ya Bukavu kama Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana, moto si habari mpya. Kila mara watu wanauliza swali lile lile: nani aliuanzisha? Ni mbabula, mshumaa au waya za umeme? Swali lingine linasahaulika: ukuta na plafo vilijengwa kwa vitu gani, na nani alivijaribu kwa moto kabla viuzwe?

Swali hilo si la maskini peke yao. Tarehe 14 mwezi wa sita 2017, friji ilishika moto katika jiko moja kwenye ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, jijini London. Moto ulitokea dirishani, ukashika ukuta wa nje na kufika juu ya jengo hilo la ghorofa 24 kwa muda usiotimia nusu saa. Watu 72 walikufa. Ukuta ule ulikuwa umefunikwa upya, kazi ikamalizika mwaka 2016: nje mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, nyuma yake povu gumu la kuzuia baridi. Mabamba ndiyo yaliyoeneza moto zaidi, lakini povu lilisaidia.

Na povu hilo lilikuwa na karatasi ya majaribio.

Majaribio yenyewe ni ya maana. Uingereza wanajenga ukuta wa kweli, wenye urefu wa metre 8 au zaidi, wanawasha rundo kubwa la mbao chini yake, kisha wanasoma vipima-joto vilivyopangwa juu. Kama joto la mita 5 juu ya moto linapanda kupita digrii 600 katika dakika 15 za kwanza, ukuta umeshindwa.

Mwaka 2014 kampuni ya Celotex ilijaribu povu lake hivyo, likashindwa. Miezi michache baadaye ilijaribu tena, safari hii ikiwa imeweka ndani ya ukuta vibao visivyoungua, karibu kabisa na vipima-joto. Ukuta ukapita. Vibao hivyo havikuandikwa katika ripoti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 mwezi wa tisa 2024, ikasema wazi kwamba wanunuzi walidanganywa.

Fundisho ni hili: jaribio linalinda watu pale tu kitu kilichochomwa na kitu kinachouzwa ni kimoja. Unene ukibadilika, gundi ikibadilika, kilicho nyuma yake kikibadilika, jibu la jana halifai tena.

Kuna atakayesema: Kivu haina ghorofa 24, wala baridi ya Ulaya. Ni kweli. Lakini chini ya mabati jua linachoma, na anayepata pesa kidogo anatafuta plafo ya kupunguza joto. Frigoliti ni nyepesi na inapendeza macho. Ila inaanza kulegea kwenye digrii kama 100 hivi, na ikishika moto inadondosha matone yanayowaka juu ya kitanda na juu ya watoto. Sufi ya mawe, inayotengenezwa kwa kuyeyusha mawe ya volkano, inavumilia digrii 1000. Dukani vyote viwili vinaitwa kwa jina moja: kizuia joto.

Wala kiberiti hakitoshi kuvitofautisha. Kuna povu lililotiwa dawa, ambalo linazimika ukiondoa kiberiti lakini linawaka vizuri kabisa nyumba ikishika moto. Kujaribu kwa kiberiti ni kujidanganya, na moshi wake ni sumu.

Kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni ya OCC. Isitosheke na karatasi yenye muhuri. Iulize mambo manne: ni maabara gani iliyojaribu, tarehe gani, povu la unene gani, na lilikuwa limewekwa pamoja na nini. Kisha majibu yabandikwe dukani, kwa lugha ambayo mama wa Kadutu na fundi wa Goma wanaisoma.

Wafanyabiashara watalalamika kwamba bei itapanda. Inaweza kupanda kidogo. Lakini asiye na pesa ya kununua kilichojaribiwa bado ana udongo, tofali na jiwe, ambavyo haviungui. Afadhali plafo isiwepo kabisa kuliko plafo inayowaka juu ya vichwa vya waliolala.

Wakaaji wa Grenfell walionya kuhusu usalama wa jengo lao kabla ya moto, hawakusikilizwa. Walikuwa katika nchi yenye maabara, sheria na wazimamoto wengi. Mji usio na gari za kutosha za kuzima moto hauna nafasi ya kukosea mara moja.