Punda Mmoja, Wenyewe Wawili

Wakulima wawili wa skimu wakinunua punda kwa shirika hawafanyi vibaya. Punda akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 25, na mkokoteni mmoja waweza kuchukua maziwa, maji na mbolea ya mashamba mawili. Lakini ugomvi huanza siku ile ile ya kununua, kwa kuwa watu hupatana bei tu, wakayaacha mengine.

Kwanza ni kazi. Kila mwenye zamu hutaka kumaliza shughuli zake zote, na punda hapati kupumzika. Gawaneni siku tatu kwa tatu, na siku ya saba iwe ya punda mwenyewe.

Pili ni matunzo. Dawa ya minyoo na kukatwa kwato mlipe nusu kwa nusu. Lakini kidonda kilichotokana na kupakia kupita kiasi, alipe aliyepakia.

Tatu ni mtoto. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima. Yule ambaye punda hulala kwake asidhani mtoto ni wake peke yake. Akiachishwa ziwa auzwe, fedha zigawanywe.

Wengine watasema kuandikiana ni kutoaminiana. Sivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni mbele ya mashahidi, na mtaje pia jinsi ya kumlipa mwenye kutaka kujitoa. Punda aweza kuuzwa. Jirani mliyepakana naye hauzwi.