Eti Lihamba Katunga Kidogo

Juzi nimekutana tena na orodha ya waandishi wanawake wa Kiswahili. Amandina Lihamba kapewa mstari mmoja: Hawala ya Fedha, 1980, Mkutano wa Pili wa Ndege, 1992. Basi. Chini yake msomaji kaongeza kwamba mama huyu katunga kidogo.

Kidogo kwa kipimo gani, jamani? Kama mnahesabu kurasa, haya, mmeshinda. Lakini huyu ni mwigizaji, mtunzi na mwongozaji, na ukimkata vipande hivyo vitatu humwoni tena. Tazameni Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar mwaka 2001. Humo yeye ni Samehe, mgonjwa aliyekaa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka na miaka bila kutamka neno. Mtu anayeishi kwa maneno, profesa na mtunzi, anachukua nafasi ya bubu! Uzito wote unabebwa na uso, mabega, namna ya kukaa. Ukimya ule mtauweka kwenye rafu gani?

Na Malya je? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda huko Mwanza na Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi. Hawakubeba mswada. Wanakijiji walisema wenyewe linalowauma, likiwemo la mimba za wasichana wa shule, likatiwa kwenye ngoma na maigizo, kisha likajadiliwa hadharani. Mwaka 1996 ikaja Tuseme, wasichana wa sekondari wakipanda jukwaani kusema yao. Hiyo nayo ni kutunga. Tena ni kutunga kugumu, maana mhusika yuko mbele yako na anaweza kukukatalia.

Najua mtajibu: igizo likiisha limepotea, kitabu kinabaki. Kinabaki wapi? Mimi ni wa huku Kisanga, Kilosa, mkoa uleule wa Morogoro alikozaliwa yeye. Mkutano wa Pili wa Ndege niliusoma kwenye fotokopi isiyo na kurasa za mwisho. Mpaka leo sijui ndege wale waliishia wapi.

Shuleni ndiyo usiseme. Tamthilia tulizisoma tumekaa. Dhamira, wahusika, mandhari, kalamu mkononi, mwaka mzima, na hakuna siku hata moja tuliyosogeza madawati tukasimama kuigiza. Mtu aliyefunzwa hivyo akimpima mwigizaji kwa idadi ya vitabu, simshangai. Nawashangaa nyinyi mnaojiita wapenzi wa fasihi, mnaochambua riwaya ya kurasa mia nne kwa wiki mbili, na hamjawahi kuandika aya moja kuhusu jinsi mtu alivyosimama jukwaani. Kama maigizo yanapotea, ni kwa sababu hatuyaandiki. Yeye kosa lake nini?

Hapa kijijini kibanda umiza kinaonyesha Wachina, Wahindi, Wanigeria, Rambo aliyetafsiriwa na dijei. Nilimuuliza mwenye kibanda kama ana Maangamizi. "Ya nani hiyo? Ina ngumi?" Nikamwambia haina, ila ana dada yake wa Morogoro humo. Akakuna kichwa. Nikiipata nakala, kanipa Jumapili saa kumi, kabla ya mpira.